Kuvuka mpaka wa Marekani na Canada kwa green card bila pasipoti: maswali yanayoulizwa sana

Hii ni kwa ndugu zetu mlioko Marekani na green card, hasa nyie mliokuja kama wakimbizi, mpo Buffalo, Rochester, Detroit, Burlington, Portland ya Maine, halafu shangazi yuko Hamilton, binamu yuko Windsor na kila kiangazi kuna harusi Toronto. Maswali ni yaleyale kila mwaka, na majibu mengi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya zamani, yalikuwa kweli kipindi kile lakini sasa hivi watu wanageuzwa darajani na nguo za harusi ziko kwenye buti. Inauma sana kuona familia nzima inarudishwa kwa kitu ambacho kingejulikana mapema.

Nina green card tu, sina pasipoti ya nchi yoyote. Naingia Canada kwa gari?

Kwa green card peke yake, hapana. Tangu tarehe 26 Aprili 2022 Canada inataka vitu viwili kwa pamoja kutoka kwa mkazi wa kudumu wa Marekani: pasipoti hai ya nchi yake, au hati nyingine ya kusafiria wanayoikubali, pamoja na green card hai au uthibitisho mwingine wa ukazi. Na ni kwa njia zote, uje kwa ndege, kwa gari, kwa basi, kwa miguu. Viza huhitaji, na ule usajili wa mtandaoni wa eTA wanaofanya watu wa ndege na wenyewe umesamehewa, hapo ndo watu wanachanganya: wanasikia "mwenye green card hahitaji viza ya Canada" wanaelewa "hahitaji kitu". Kutohitaji viza ni jambo moja, kuwa na hati ya kusafiria ni jambo lingine kabisa.

Mbona binamu yangu alipita 2019 na green card tu na hakuna aliyemuuliza?

Alipita kweli, hajakudanganya. Wakati ule aliyetokea Marekani kwa njia ya ardhi alikuwa anaruhusiwa kuonyesha green card peke yake. Sheria ikabadilika 2022, stori ya binamu haikubadilika. Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa boda muulize kwanza alivuka lini.

Na kurudi Marekani je? Huko nako wanataka pasipoti?

Kurudi ndo rahisi. Kwa upande wa Marekani mkazi wa kudumu anaingia na green card yake hai, sheria yao haimlazimishi kuwa na pasipoti. Hapa naomba muelewe vizuri maana ndo mzizi wa kila kitu kwenye ukurasa huu: kwenye daraja moja kuna nchi mbili na kila moja ina swali lake. Canada inakuuliza "una hati gani ya kusafiria na una haki ya kurudi ulikotoka?", Marekani inakuuliza "wewe bado ni mkazi wetu?". Kadi inayojibu swali la pili haijibu la kwanza lote. Wengi wanajiandaa kwa kurudi tu, wanasahau kwamba kabla ya kurudi kuna kuingia.

Mimi nilikuja kama mkimbizi, pasipoti sina na ya kwetu siwezi kuiomba. Nifanyeje?

Wewe una haki ya kitabu cha safari cha mkimbizi kinachotolewa na USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani. Unajaza fomu I-131, unachagua sehemu ya hati ya safari ya mkimbizi, wanaweza kukuita kwa alama za vidole, halafu wanakutumia kitabu chenye picha yako kinachofanana na pasipoti, namba yake rasmi ni I-571. Unaweza kukipata hata kama umeshapata green card, mradi green card yenyewe uliipata kupitia ukimbizi au hifadhi. Canada wanakikubali kama hati ya kusafiria, unakionyesha pamoja na green card yako.

Sasa mambo ya kuzingatia, na haya nayasema kwa msisitizo. Kwanza kinadumu mwaka mmoja tu na hakiongezwi muda, kikiisha unaomba upya. Pili kinachukua miezi mingi kutoka, sio wiki, kwa hiyo kama harusi ni Agosti na unaanza kuuliza Juni umechelewa. Tatu omba ukiwa ndani ya Marekani, usitoke kwanza ukategemea utakamilisha ukiwa nje. Mimi ningekuwa na ndugu Canada ningekiomba hata kama sina safari yoyote, maana misiba haitoi taarifa miezi sita kabla.

Halafu usikichanganye na kibali cha kurudi kinachoitwa I-327. Kile ni cha mkazi wa kudumu yeyote anaetaka kukaa nje muda mrefu, kinadumu miaka miwili, na kinaombwa kwa fomu hiyohiyo I-131, ndo maana watu wanatia tiki kwenye kiboksi kisicho chao halafu wanasubiri miezi kitu ambacho hawakukihitaji. Soma kila kiboksi taratibu, au mpe mtu wa shirika lililokupokea akusomee.

Si niende tu ubalozi wa nchi yangu nichukue pasipoti? Ni haraka zaidi.

Kama ulikuja kwa viza ya ndoa, bahati nasibu au kazi, sawa kabisa, ndo njia yako, hakikisha tu ni hai. Mtanzania au Mkenya wa bahati nasibu hana shida hapa.

Lakini wewe uliyeapa mbele ya serikali kwamba nchi yako inakutafuta, fikiria mara mbili. Kuomba pasipoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kusomwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake, na kuitumia kusafiri kurudi kulekule ni kubaya zaidi, kuna watu wamejikuta wanahojiwa upya kuhusu kesi yao ya hifadhi. Simwambii kila mtu ni marufuku, kila kesi ina historia yake, ila ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaenda ubalozini, sio baada. Na simaanishi mtu wa kujaza fomu mtaani, namaanisha mwanasheria au mtu wa shirika mwenye kibali cha Wizara ya Sheria.

Wasomali nyie mna la ziada: pasipoti ya Somalia Canada haiitambui kama hati halali ya kusafiria. Kwa hiyo hata ukiwa nayo mkononi, uliza kwanza, na kama ulikuja kwa ukimbizi bora kile kitabu.

Bado sina green card, nina I-94 ya ukimbizi tu, ile rekodi ya kuingia Marekani. Naweza kwenda siku moja nirudi?

Usijaribu. Huna hati ya kurudia. Mkimbizi anaomba green card baada ya kukaa mwaka mmoja, na kabla ya hapo kinachokurudisha Marekani ni kile kitabu cha I-571, bila hicho umejifungia nje mwenyewe. Juu ya hapo, usiye na green card bado utahitaji viza ya Canada, ile ya kuomba na kusubiri. Na wewe ambaye kesi yako ya hifadhi bado iko mahakamani ndo kabisa usiukaribie mpaka. Kuna mkataba kati ya nchi hizi mbili ulioanza Desemba 2004, na tangu 25 Machi 2023 unahusu mpaka wote wa ardhi, hata porini, kwamba mtu anaomba hifadhi kwenye nchi salama aliyofika kwanza. Wanaosema "vuka tu uanze upya Canada" wengi wao hawatakuwepo ukirudishwa.

Green card yangu imeisha muda lakini ninayo risiti. Inafanya kazi?

Kama uliomba mpya kwa fomu I-90, barua ya risiti, ile I-797, inaongeza muda wa kadi ya zamani kwa miezi 36 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ilikuwa miezi 24, wakaongeza Septemba 2024. Wale wa kadi ya miaka miwili ya ndoa walioomba kuondolewa masharti kwa I-751, risiti yao inaongeza miezi 48. Lazima ubebe vyote viwili, kadi iliyoisha na barua yenyewe ya karatasi, sio picha kwenye simu. Na barua isome, tarehe na muda viko humo ndani. Kama kadi huna kabisa, mfano imepotea na mpya haijafika, unaweza kuomba apointimenti ofisi ya USCIS wakakugongea stempu ya I-551, nayo ni uthibitisho wa ukazi kwa muda ulioandikwa.

Ukazi wenyewe hauishi kwa sababu plastiki imeisha. Ni kadi iliyoisha. Ila darajani hutaki kuwa na huo mjadala saa tano usiku.

Nimepoteza green card nikiwa Canada, narudije?

Kwanza ripoti polisi upate karatasi. Ukirudi kwa gari, mweleze afisa wa Marekani ukweli, mpe kitambulisho chochote ulichonacho, taarifa zako ziko kwenye mfumo wao. Ana mamlaka ya kukusamehe kwa fomu I-193, ambayo ni ya kulipia na ni hiari yake, au kukuingiza na kukupa tarehe ya kuleta ushahidi baadaye. Unaweza kukaa pale masaa. Kwa ndege ni hadithi nyingine, kampuni haitakupandisha, itabidi uende ubalozi wa Marekani na fomu I-131A. Kwa hiyo toa kopi ya kadi mbele na nyuma, iache nyumbani kwa mtu unaemwamini. Kadi yenyewe tembea nayo, mwenye miaka 18 na kuendelea sheria ya Marekani inamtaka awe nayo muda wote.

Leseni yangu ina nyota ya REAL ID. Si inatosha?

Haitoshi. REAL ID ni ya ndege za ndani ya Marekani na kuingia majengo ya serikali, ndo ile iliyoanza kukaziwa 7 Mei 2025. Mpakani haina kazi. Inayovusha mpaka wa ardhi ni leseni nyingine inayotolewa na majimbo machache, New York, Michigan, Vermont, Washington na Minnesota, ina bendera ndogo ya Marekani, na hiyo ni ya raia wa Marekani tu. Mwenye green card hapewi. Ukiona jirani yako kapita na leseni, ni raia huyo.

Watoto wetu wamezaliwa hapahapa. Wao je?

Mtoto raia wa Marekani chini ya miaka 16 anavuka ardhini kwa cheti cha kuzaliwa, halisi au kopi. Yaani kuna familia ambazo mtoto wa miaka 3 ndo ana karatasi nyepesi kuliko wote garini. Mtoto mwenye green card anahitaji green card yake na hati ya kusafiria yake, hasafirii kwenye ya mama.

Mambo mawili yanawakamata wazazi. La kwanza, mtoto akitimiza miaka 14 anatakiwa aombe kadi mpya kwa I-90 ndani ya siku 30, kwa sababu ya alama za vidole. Watu wanaona kadi bado ina miaka sita mbele wanatulia. La pili, kama mzazi mmoja hayupo garini, beba barua yake ya kuruhusu safari yenye sahihi na namba ya simu, bora ikiwa na muhuri wa notari. Mjomba anaebeba watoto wa dada yake kwenda harusini bila barua atawekwa pembeni, na ni haki, wanatafuta watoto walioibwa. Afisa pia anaweza kumuuliza mtoto mwenyewe "huyu ni nani?", sasa kwetu mtoto anasema "baba" kwa baba mdogo, kwa hiyo mwelezeni mtoto mapema mambo ya majina.

Darajani inakuwaje hasa? Naogopa.

Tuseme unatoka Buffalo kwa Peace Bridge. Unavuka mto wa Niagara, unashuka upande wa Fort Erie, unakuta vibanda na taa. Unasubiri taa yako, unasogea, unazima redio, unashusha vioo vyote hata vya nyuma ili awaone watu wote. Unampa hati za watu wote garini kwa pamoja, zimefunguliwa kwenye picha, sio unaanza kupekua pochi huku yeye ananyoosha mkono. Atauliza: mnatoka wapi, mnaenda wapi, kwa nani, mtakaa siku ngapi, mna silaha, pombe, tumbaku, mnabeba zawadi. Jibu fupi na la kweli. "Harusi ya binamu yangu, Toronto, tunarudi Jumapili." Inatosha. Anaejibu ni mmoja, sio wanne kwa lugha tatu. Kama Kingereza kinakusumbua sema hivo, omba mkalimani, ni bora kuliko kuitikia "yes" kwa swali usilolielewa, maana kuna maswali ambayo "yes" yake inakuharibia siku nzima.

Ukiambiwa uingie ndani ofisini haimaanishi umekosa, mara nyingi ni kuangalia karatasi tu. Kaa, subiri, usipige simu kila mahali. Wakati wa kurudi, kwa upande wa Marekani, tangu 26 Desemba 2025 kanuni yao inaruhusu kila asiye raia, mwenye green card pamoja, kupigwa picha ya uso akiingia na akitoka. Halafu nchi hizi zinapeana taarifa, kuingia kwako Canada kunarekodiwa Marekani kama kutoka, kwa hiyo tarehe zako wanazo. Na wewe ziandike, maana siku ya kuomba uraia fomu N-400 itakuuliza safari zako za nje za masaa 24 na zaidi.

Kuna kitu kinaweza kunizuia hata kama karatasi zangu zote ziko sawa?

Ndiyo, na kikubwa ni kuendesha umelewa. Marekani majimbo mengi wanaihesabu kosa dogo ikiwa ni mara ya kwanza, unalipa faini unaendelea na maisha. Canada tangu Desemba 2018 ni kosa zito, adhabu yake inafika miaka 10, na kesi moja tu inaweza kukufanya usiingie. Wanaiona kwenye kompyuta. Kama unayo, uliza mwanasheria wa Canada kuhusu kibali maalum kabla ya safari.

Cha pili bangi. Canada imehalalishwa tangu 17 Oktoba 2018, duka liko wazi barabarani, na hapo vijana wetu wanajisahau. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani bado ni dawa ya kulevya, na kuivusha mpaka ni kosa pande zote mbili. Mwenye green card akikiri tu kwa afisa kwamba ametumia, anaweza kuwekwa kwenye matatizo ya kupoteza ukazi. Raia anaweza kupona hapo, wewe huenda usipone. Tafadhali waambieni vijana kwa lugha watakayoelewa.

Nikienda kwa basi badala ya gari?

Karatasi ni zilezile ila kampuni ya basi inazikagua kabla ya kukupandisha, na dereva hakusubiri kama umeitwa ndani muda mrefu. Mara ya kwanza nenda na gari la mtu.

Naweza kukaa Canada muda gani bila kuhatarisha green card?

Canada kwa kawaida wanampa mgeni mpaka miezi sita. Kwa green card yako, ukipitisha siku 180 nje unahesabiwa kama unaomba kuingia upya na maswali yanaongezeka, ukipitisha mwaka bila kile kibali cha I-327 ukazi unaweza kuhesabika umeuacha. Na ukipewa fomu I-407 darajani, hiyo ni ya kusema unaachia green card kwa hiari yako. Huna lazima ya kuisaini. Una haki ya kusema unataka kumuona jaji wa uhamiaji.

Mimi niko upande wa pili, nina PR kadi, yaani kadi ya mkazi wa kudumu wa Canada. Naingia Marekani nayo?

Hapana. PR kadi inakurudisha Canada tu. Kwa Marekani unaangaliwa uraia wako, kwa hiyo Mkenya au Mkongo mwenye PR anahitaji pasipoti na viza ya Marekani, na mkimbizi anahitaji kitabu chake cha safari cha Canada pamoja na viza. Tena Juni 2025 Marekani iliweka vikwazo kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo, na orodha ikaongezwa Desemba mwaka huohuo. Wenye green card ya Marekani wamesamehewa, ila PR ya Canada haikutoi kwenye orodha hiyo. Angalia nchi yako kabla ya kulipia viza.

Kurudi Canada kwa gari binafsi, mwenye PR ambaye kadi imeisha anaweza kuingia akithibitisha ukazi wake kwa karatasi nyingine, mfano ile ya kuthibitisha ukazi aliyopewa alipofika. Kwa basi, treni au ndege hapana, wanataka kadi.

Na Mexico?

Mwenye green card haombi viza, ila pasipoti au hati ya kusafiria wanaitaka.

Nilikuwa Detroit, GPS ikaniingiza kwenye njia ya daraja na siwezi kugeuza. Nifanyeje?

Inatokea sana pale Ambassador Bridge na kwenye handaki la Windsor, vibao vinakuja ghafla na ukishapita mahali fulani hakuna kurudi nyuma. Usisimame katikati, usirudi kinyumenyume. Kabla ya daraja lenyewe, pale pa kulipia, mwambie mfanyakazi umekosea njia, wakati mwingine wanaweza kukugeuza. Ukishavuka, mwambie afisa wa Canada palepale kibandani kwamba umepotea na hukukusudia kuingia, atakupa karatasi na kukurudisha upande wa Marekani, na huko utakaguliwa kama mtu yeyote anaetoka nje. Mwenye green card mfukoni atachelewa tu. Ambaye kesi yake haijaisha ndo hatari, kuna watu wamezuiliwa kwa kosa la kona moja, kwa hiyo kama ndo hali yako na unaendesha Detroit kusini magharibi, soma vibao kuliko simu na ukiona neno "Canada" hama laini mapema.